Mstari wa presipitini: namna ya kuupata, namna ya kuukataa

Mgonjwa amemaliza dozi ya TB, makohozi hayaonyeshi vimelea tena, lakini bado anakohoa damu. Daktari anashuku ukungu wa Aspergillus fumigatus umeota ndani ya shimo lililoachwa na TB kwenye pafu, na anaomba presipitini. Kama maabara yako haina mashine ya ELISA (kipimo cha kingamwili kinachosomwa kwa rangi), kipimo hiki kinawezekana kwa sahani ya Petri na jeli. Ni rahisi kwa vifaa, ila kinadanganya upesi.

Presipitini ni kingamwili, nyingi zikiwa za aina ya IgG, ambazo zikikutana na antijeni (kitu ambacho kingamwili hukitambua, hapa dutu za ukungu huo) iliyoyeyuka hushikamana nayo mpaka zinafanya mtandao mzito usioyeyuka. Rudolf Kraus aliyaona mashapo hayo ndani ya vimiminika huko Vienna mwaka 1897. Örjan Ouchterlony wa Sweden ndiye aliyeyahamishia kwenye jeli mwaka 1948: antijeni na seramu (majimaji ya damu yenye kingamwili) zinasambaa kila moja kutoka kwenye kishimo chake, na pale zinapokutana kwa uwiano unaofaa unatokea mstari mweupe.

Yeyusha gramu 1 ya agarosi, unga wa kutengenezea jeli, kwenye mililita 100 za bafa (maji yanayoshikilia pH) ya fosfeti yenye chumvi, pH 7.2 hadi 7.4. Chemsha hadi iwe angavu kabisa. Ukiona nyuzinyuzi zinaelea, bado. Ongeza gramu 0.1 ya sodiamu azidi kuzuia vijidudu. Azidi ni sumu, na isimwagwe kwenye sinki lenye mabomba ya shaba au risasi, kwani hujengeka humo chumvi zinazolipuka. Ikipoa hadi nyuzi 60 hivi, mimina mililita 15 kwenye sahani ya sentimita 9. Meza ipimwe kwa pimamaji kwanza, maana jeli iliyolala upande hupindisha mistari yote. Iache igande, kisha iweke kwenye friji saa nzima kabla ya kutoboa.

Toboa kishimo kimoja katikati na sita kukizunguka, kila kimoja kipenyo cha milimita 5, na kati ya ukingo na ukingo acha milimita 4. Vipande vya jeli vinyonywe taratibu, visichokolewe. Ukichokoa, jeli inainuka kutoka kwenye sahani na seramu inapita chini kwa chini. Kesho utaona utando mweupe usio na umbo. Tone la agarosi ya moto chini ya kishimo huziba upenyo huo.

Katikati weka antijeni. Pembeni, namba 1, 3 na 5 ziwe seramu ya kontroli chanya, yaani inayojulikana kuwa na presipitini. 2, 4 na 6 za wagonjwa. Wengi hubana matumizi hapa na kuweka kontroli moja tu. Msibane! Mpangilio huu unampa kila mgonjwa kontroli kulia na kushoto, na bila jirani huyo mstari wake hausomeki. Jaza mikrolita 35 bila kufurika. Sahani ikae ndani ya kontena lenye mfuniko na tishu iliyoloweshwa, mbali na feni. Soma baada ya saa 24, 48 na 72, taa ya dari ikiwa imezimwa, karatasi nyeusi chini na tochi ya simu ikimulika kutoka ubavuni.

Mstari wa mgonjwa ukiungana na wa kontroli kama upinde mmoja, kingamwili zao zinashika antijeni ileile. Ikikatizana kama msalaba, ni antijeni tofauti. Ikiungana lakini ukachomoza mwiba, zinashirikiana kwa sehemu tu.

Sasa mtego. Mgonjwa mwenye uvimbe mkali mwilini huwa na protini ya CRP kwa wingi, nayo hushikana na sukari iliyomo kwenye antijeni ya Aspergillus na kutoa mstari ambao si wa kingamwili. Ushikaji huo unategemea kalsiamu. Kwa hiyo ukishasoma, mwagia sahani sodiamu sitrati 5% kwa dakika 45 hivi: sitrati inanyakua kalsiamu, mstari wa CRP unayeyuka, wa kingamwili unabaki. Jibu lisitoke kabla ya hatua hii.

Mtego wa pili ni kuzidiana. Antijeni ikiwa nyingi mno, kila mkono wa IgG unapata antijeni yake peke yake, mtandao haujengeki, na unasoma hasi kumbe kingamwili zipo. Mstari ukigandamana na kishimo cha seramu, ndio dalili kwamba seramu imezidiwa. Zimua antijeni 1:2, 1:4, 1:8 dhidi ya kontroli, uchague kiwango kinachoweka mstari karibu na katikati. Kila chupa mpya ya antijeni ipimwe upya, hata ikitoka kiwanda kilekile.

Ukiona saa 72 ni nyingi, umeme huharakisha hadi kama saa moja na nusu: kwenye bafa ya pH 8.2 hadi 8.6, antijeni ikiwa upande wa hasi na seramu upande wa chanya, zinasukumwa kukutana. Agarosi ya kazi za DNA haifai hapa. Nyingi zimetengenezwa zisivute maji ya bafa kuelekea hasi, na mvuto huo ndio unaoirudisha IgG nyuma ikutane na antijeni. Watu hubadilisha bafa wiki nzima, kosa liko kwenye kopo la agarosi.

Kwenye fomu andika idadi ya mistari iliyobaki baada ya sitrati, na kiwango cha mwisho cha kuzimua seramu kilichotoa mstari. Ikiwa hasi, andika “haikuonekana kwa njia ya jeli”, kwa kuwa ELISA hukamata viwango vidogo zaidi. Na chanya isiandikwe kama ugonjwa: mtu anayeshinda kwenye ghala la nafaka yenye ukungu anaweza kuwa na presipitini huku mapafu yake ni mazima. Picha ya kifua ndiyo itakayoamua.