Shujaa asiyeumia hatishi mtu: kwa nyie mnaoanza kuandika stori za mavampaya

Stori yangu ya kwanza ya mavampaya ilikuwa na dada mmoja mkali kweli kweli, koti la ngozi, bastola mbili, hacheki, hasalimii mtu, na mpaka chapta ya 9 alikuwa ameshaua vampaya 11 bila kupata hata mkwaruzo. Nikampa mtu ninayemwamini asome, akaimaliza usiku huo huo, asubuhi akaniambia neno moja tu, "sikuogopa hata mara moja". Hakuongeza kitu. Iliniuma karibu mwezi mzima, ila karibu kila ninachotaka kuwaambia wadogo zangu mnaoanza kimetoka kwenye lile neno, kwa hiyo someni taratibu.

Mavampaya wangu walikuwa na meno, macho mekundu, kila kitu. Shida ilikuwa yule dada hana cha kupoteza. Mtu haumii, hachoki, hana anayemuwaza, hata umrushie vampaya mia msomaji atapiga miayo maana ashajua steringi hafi. Tangu siku ile kila nikiandika mwanamke mkali najiuliza kwanza hii sini inamgharimu nini, damu, usingizi, mtu, au kitu anachokiamini. Nikikosa jibu naifuta hata kama ina mapigano matamu.

Sasa kabla hujafika kwake, weka sheria za vampaya wako. Wengi mnaandika kama vile hizi sheria zilishushwa, kwamba vampaya lazima aungue juani, lazima aogope kitunguu saumu, basi. Hapana jamani, kila sheria kuna mtu aliiweka. Kwenye riwaya ya Dracula ya Bram Stoker ya mwaka 1897 vampaya mwenyewe anatembea mchana kweupe London, nguvu zake tu ndo zinapungua. Ile ya jua kumuua kabisa ilikuja na filamu ya Kijerumani ya Nosferatu mwaka 1922, watu wakaipenda wakaishikilia mpaka leo inaonekana ya tangu enzi na enzi. Kwa hiyo una uhuru, ila uhuru wenyewe una kazi. Mi nachukua daftari nagawa kurasa tatu, wa kwanza vinavyomuua, wa pili vinavyomuumiza tu, wa tatu vile ambavyo watu wanasema vinamuua kumbe sio kweli. Huo wa tatu ndo mtamu kuliko yote. Shujaa wako ni mtu wa leo, hakuzaliwa anajua haya mambo, ameokota huku na kule, nusu kwenye filamu nusu kwenye uvumi, na siku atakaposimama kwenye korido ameshika kile alichoambiwa kinafukuza halafu yule kiumbe akakipokea mkononi mwake taratibu akakiweka mezani, hapo msomaji anaweka chai chini. Ukishaweka sheria usiivunje. Ukiivunja chapta ya 20 ili umuokoe steringi, umemdhulumu aliyekusoma kwa uaminifu chapta 19.

Simu sasa. Hii nakutana nayo kwenye kazi za wanaoanza karibu kila mara, kila hatari ikija simu inaisha chaji au mtandao unakata. Mara moja sawa, mara ya tatu ni uvivu wa mwandishi. Mpe simu ifanye kazi halafu uone inamsaidia wapi na inamsaliti wapi. Kama vampaya wako haonekani kwenye kioo, je kwenye kamera anaonekana? Amua. Nina sini moja naipenda sana, dada anakagua rekodi za kamera za usalama za jengo analolinda, anaona mlango unafunguka wenyewe saa 9 usiku, unajifunga, na kwenye lifti taa ya ghorofa ya 6 inawaka, na 6 ndo yeye alipo. Hakuna damu, hakuna meno, na watu wameniambia ndo sini iliyowatisha kuliko zote. Teknolojia haiui woga kama wengi mnavyodhani. Hata hio Dracula ilikuwa ya kisasa kwa wakati wake, imejaa taipureta, telegramu, ratiba za treni, mpaka wanaume wanne wanapeana zamu kumtolea damu binti mmoja bila kujua magroupu ya damu, maana Karl Landsteiner alikuja kuyaeleza mwaka 1901, miaka minne baada ya kitabu.

Na humo humo ndo kuna somo kubwa la shujaa wa kike. Mina Harker anajua hati mkato, anachapa taipu, ndo yeye anayekusanya shajara na barua za kila mtu anazipanga kwa tarehe mpaka wote wanaelewa wanapambana na nini. Halafu wanaume wanakaa wanaamua wamweke pembeni ili kumlinda, na ni wakati huo amewekwa pembeni, hajui kinachoendelea, ndo anafikiwa na kunyonywa. Baadaye ni yeye tena anayepiga hesabu mpaka anajua adui anarudi kwao kwa njia ya mto. Hana bastola mbili, ana akili iliyopangika na anaitumia huku ameshaumwa na anajua kinachomsubiri. Huyo kwangu ni mkali kuliko yule wangu wa koti la ngozi. Kwa hiyo ukimjenga wa kwako jiulize alikuwa anajua kufanya nini kabla ya mavampaya kuingia kwenye maisha yake. Nesi wa zamu ya usiku anajua kutulia damu ikiwa inaruka. Fundi wa makufuli anajua mlango upi utashika na upi hautashika dakika mbili. Ukali wake utoke kwenye kazi ya mikono yake, ndo utaaminika, matusi na kutocheka unaweza kuongeza baadaye kama bado unavitaka.

Damu yenyewe isomeni, tafadhali, maana mnaiandika kama maji ya bomba. Mtu mzima ana damu lita 5 hivi. Anayejitolea damu anatoa kama mililita 450, anakaa kidogo, anaenda zake. Damu iliyomtoka ikifika asilimia 30 mpaka 40 ya damu yake yote mapigo yanaenda mbio, ngozi inakuwa ya baridi na jasho, anachanganyikiwa, kiu inamshika, na ikizidi 40 bila kusaidiwa haraka anakufa. Ukijua hivi tu sini zako zinabadilika. Dada aliyenyonywa jana hawezi leo kurukia mapaa. Maji ya damu yanarudi ndani ya siku moja mbili ila seli nyekundu zinachukua wiki kadhaa, kwa hiyo wiki ya pili bado anapanda ngazi moyo unamdunda, anashika ukuta, na anayemuwinda anajua hilo, anamhesabia siku. Angalia jinsi hatari ilivyoongezeka bila kuleta adui mpya.

Na upande wa vampaya, lita 5 kila usiku anaziweka wapi? Hapa nendeni mkasome popo wanyonya damu, wako aina tatu tu duniani, wote wa Amerika. Popo yule hafyonzi, anachana kidonda kidogo kwa jino kali halafu analamba, na mate yake yanazuia damu isigande. Anaweza kunywa karibu nusu ya uzito wake kwa mlo mmoja, mpaka anaanza kukojoa dakika chache tu baada ya kuanza ili apunguze uzito aweze kuruka. Akikosa chakula siku mbili tatu anakufa, kwa hiyo aliyeshiba anamtapikia damu mwenzake aliyekosa. Mi niliposoma hilo nilikaa kimya muda mrefu. Nikaandika kundi la mavampaya wanalishana mdomo kwa mdomo kwenye stoo ya chini, kwa upole, kama mama na mtoto, na shujaa wangu anawaona kupitia upenyo wa mlango na anatambua kwamba damu wanayopeana ni ya rafiki yake. Ukimuonyesha kiumbe anapenda na papo hapo anaua, giza linakuja lenyewe, huhitaji kumwaga utumbo ukurasa mzima.

Kuhusu giza niseme zaidi kidogo maana ndo mnapoteleza wengi. Zamani kabla ya vitabu, kwenye vijiji ambavyo watu waliamini haya mambo, vampaya hakuwa mwanaume mtanashati kutoka mbali, alikuwa mtu wenu mliyemzika juzi. Serbia mwaka 1725 kuna mkulima alifukuliwa kwa sababu watu walikufa mfululizo kijijini, wakamkuta amevimba, ana damu mdomoni, ngozi kama mpya. Sasa hivi tunajua mwili ukioza gesi inauvimbisha na kusukuma majimaji nje, na ngozi ikirudi nyuma kucha zinaonekana kama zimeota. Wao hawakujua, waliogopa. Na mwaka 1892 huko Exeter, Rhode Island, Marekani, familia ya Brown kifua kikuu kilishachukua mama na binti mmoja, halafu akafa Mercy wa miaka 19, na kaka yake Edwin anaumwa. Majirani wakamsihi baba yao mpaka akakubali makaburi yafunguliwe. Mercy alikuwa hajaoza, kafa miezi miwili tu na ilikuwa kipindi cha baridi kali, wakauona moyo wake una damu, wakauchoma, majivu wakamnywesha Edwin kama dawa. Edwin alikufa hata hivyo baada ya kama miezi miwili. Hebu mfikirie huyo baba. Hakuna jini kwenye hio stori, kuna mzazi anayeruhusu moyo wa mwanae uchomwe ili mwingine apone, na hapo ndo napenda mwandishi aanzie, kwa sababu shujaa mkali akipewa adui asiyemjua kazi yake ni kupiga tu, ila akipewa adui anayemuita kwa jina la utotoni inabidi achague.

Ndo maana ile sheria ya vampaya kutoingia mpaka akaribishwe mi naiona ni ya dhahabu, msiitupe. Inamfanya adui aombe. Inaweka mlango katikati na maamuzi yote yanabaki kwa aliye ndani.

Mapigano sitasema sana. Yawe mafupi. Moyo umekaa nyuma ya fupa la kifua umeelekea kushoto kidogo, una ukubwa wa ngumi ya mtu, umezungukwa na mbavu, kwa hiyo kigingi cha mti hakiingii kama kisu kwenye siagi, kinateleza, kinakwama, kinavunjika, na baadaye mikono inatetemeka mpaka anashindwa kufunga zipu. Mwandike anayetetemeka, ila mwandike anarudi tena kesho yake akijua atatetemeka.

Mapenzi na vampaya, andikeni tu, mi pia naandika. Ila waliokufa msiwafute. Nimeona stori nyingi vampaya ameua watu arobaini chapta ya 3, chapta ya 12 wanabusiana na hakuna hata mmoja kati ya wale arobaini aliyetajwa tena. Wape majina wawili watatu, shujaa awakumbuke kitandani, hapo mapenzi yenyewe yanakuwa mazito. Na kingine nakiomba kwa moyo wote, msimbake mhusika wa kike kwenye ukurasa wa kwanza ili tu apate sababu ya kuwa mkali. Mwanamke anaweza kuwa mkali kwa sababu analea wadogo zake, kwa sababu ana deni, kwa sababu alichelewa mara moja mtu akafa. Kama unaandika ukatili huo uandike kwa sababu stori ni ya huo ukatili na uubebe mpaka mwisho, usiutumie kama kiberiti.

Yule dada wa koti la ngozi nilimrudia baada ya miaka miwili hivi. Bastola nikamnyang'anya, koti nikaliacha kwa kuwa lilikuwa la mdogo wake aliyepotea. Chapta zote 9 nikatupa, nikabaki na usiku mmoja tu, mdogo wake anarudi, anagonga, anasema dada nifungulie nina baridi, na sauti ni yake kabisa, hata kile kikohozi chake kipo. Dada anakaa chini mgongo ameegemeza mlangoni, chaji imebaki asilimia 4, na yule wa nje anamtajia mambo wanayoyajua wao wawili tu, moja baada ya jingine, mpaka kunapambazuka. Hajibu hata neno. Koti amelikunja amelibana mdomoni. Yule yule msomaji wangu nilimpelekea, mara hii hakumaliza usiku huo, alinipigia saa 7 usiku kuniuliza atafungua au hafungui.