Usisubiri Avunje Ungo Ndipo Umwambie

Binti yangu alikuwa na miaka tisa aliponifuata jikoni usiku, mkono kifuani. "Mama, nina uvimbe." Nikapapasa. Kitu kigumu, kama punje ya kunde, chini ya chuchu ya kushoto. Kulia hamna kitu. Shangazi yangu alikufa kwa saratani ya titi. Sikulala.

Asubuhi daktari hakuchukua hata dakika mbili. "Anaota titi, mama. Mara nyingi huanza upande mmoja." Akaongeza jambo ambalo mimi, mwenye watoto watatu, sikulijua: titi likishachomoza, hedhi huja kama miaka miwili baadaye.

Nikaenda kusoma. Hatua hizo za kubalehe zilipangwa na daktari Mwingereza, James Tanner, katika utafiti ulioanza 1948 kwenye makao ya watoto ya Harpenden, ambako watoto walipimwa mara kwa mara, mwaka hadi mwaka. Mwaka 1969 yeye na mwenzake Marshall walichapisha habari za wasichana 192: kwa wastani matiti yalianza wakiwa na miaka 11 na kidogo, hedhi ikaja karibu na 13 na nusu. Siku hizi wengi huanza mapema zaidi. Dalili zikianza kabla ya miaka minane kwa msichana, au tisa kwa mvulana, mpeleke akapimwe.

Sisi pwani, somo, yaani mwanamke anayemfunda msichana, huitwa baada ya mwari kuvunja ungo. Mimi nilivunja ungo darasani, nikaamini nimepasuka ndani, nikajifunga sweta kiunoni hadi jioni. Somo yangu alinifundisha kwa upole, bila kuficha neno, na hadi leo namshukuru. Ila alikuja nimeshalia.

Kwa hiyo usimwache somo, mwite mapema. Uvimbe ule ndio hodi. Jioni ileile nilimkalisha binti yangu kitandani, nikafungua pedi, akaibandika mwenyewe kwenye chupi, moja tukaitia kwenye begi la shule. Damu inatoka wapi, kwa nini, nani asimguse: tulizungumza kidogo kidogo, tukipeta mchele au tukisukana. Na kwa kaka yake pia, nilimwambia baba yao asingoje sauti ibadilike, kwani kwa wavulana korodani hutangulia kukua.

Ramadhani iliyopita, binti ana miaka 11, alinijia alfajiri nikiandaa daku, akaninong'oneza: "Mama, leo sifungi."