Nyumba inauzwa, na bado tunaishi humo

*Tunauza nyumba yetu Isyesye, Mbeya. Dalali ataanza kuleta wateja wiki ijayo, na chumba cha watoto kina madoa meusi ya ukungu ukutani. Nipige rangi haraka? – Mama wa watatu*

Rangi juu ya ukungu ni pesa ya kumwaga, mama. Haichukui muda madoa yanachungulia tena. Anzia nje: gata limetoboka? Udongo umelundikana ukutani hadi kuupita msingi? Kama huko ni salama, tatizo ni mvuke. Chumba kinafungwa usiku kucha kwa sababu ya baridi, nguo mbichi zinaanikwa humo humo, na ule ukuta wa baridi unabaki na majimaji hadi asubuhi. Fungua madirisha, sugua kwa maji yenye jiki kidogo (usichanganye na siki wala dawa ya choo, hutoa gesi ya sumu), kisha uache ukauke kabisa ndipo ufikirie rangi. Ukuta usipokauka kabla ya wateja kufika, waoneshe hivyo hivyo na useme umeanza kurekebisha nini. Na tafadhali, usisukume kabati kufunika pembe. Mnunuzi anayejua mvua za huku atalisogeza hilo kabla hajakaa.

*Tumevuna, magunia ya mahindi yamejaa sebuleni hadi kwenye korido. Wateja watatuonaje? – Baba Neema, Mafinga*

Watawaona watu waliolima, hakuna aibu. Shida ni kwamba mtu hawezi kukadiria sebule asiyoiona sakafu yake. Pelekeni yote kwenye chumba kidogo kuliko vyote, juu ya mbao na mbali na ukuta, halafu fagieni vumbi la dawa ya kuhifadhia. Korido ibaki tupu.

*Njombe Juni ni baridi kali. Niwashe jiko la mkaa sebuleni wageni wakute joto?*

Hapana. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, na inaua. Waite saa sita mchana jua likiwa limewaka, uwape chai.

*Wapangaji wangu wa uani hapa Kihesa, Iringa, wanakataa wateja kuingia vyumbani mwao.*

Wana haki ya kukasirika kama wanashtukizwa. Kaeni mpange siku moja ya wiki na saa, na dalali aiheshimu. Wewe usifungue kwa funguo ya akiba. Waambie pia kama mnunuzi atawaacha waendelee kukaa. Mara nyingi ugomvi wenyewe uko hapo.

*Mke wangu bado hajakubali kuuza. Niwaoneshe wateja kwanza, bei nzuri itamlainisha? – Wa Uyole*

Kaka, acha kupigia wateja deki, kaa kwanza na mkeo. Chini ya kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenza. Mteja makini atamwulizia hapo hapo mlangoni.