Kalifuga nani? Majibu kwa wasimulizi wa michezo ya kutisha

Maswali ya safari hii karibu yote yametoka kwa watu wanaotaka kulichukua genge lile lile la Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani ambamo msimulizi huongoza hadithi, wachezaji huigiza wahusika, na dado huamua), yaani maorki, magoblini na matroli, walivue ngao, walivishe kanzu, kisha waite kampeni ya kutisha, yaani hadithi inayochezwa kwa vikao vingi. Salamu nimezikata ili tupate nafasi. Anayeuliza dado la pande 20 linauzwa wapi simjibu tena. Tumia programu ya simu.

Maalim, naomba uniandikie Popobawa: pointi za uhai, kasi ya kuruka na silaha inayomuumiza. (Michenzani)

Siandiki. Nimeshakataa mara kadhaa, na leo naeleza sababu ili anayefuata asome hapa aniache.

Popobawa, dude la usiku lenye mbawa za popo, wewe unamjua kama katuni. Wakubwa zako wanamjua kama mwaka 1995. Hofu ilianzia Pemba ikavuka hadi Unguja, na watu wazima wenye nyumba zao na vitanda vyao wakalala nje kwa makundi, moto ukiwaka, kwa sababu ndani hakulaliki. Mjini, mtu mmoja mwenye maradhi ya akili aliuawa na kundi lililoamini kuwa ndiye. Alisemwa kuwaingilia watu kwa nguvu usiku, na hilo si jambo la kurushia dado mbele ya mtu ambaye huenda mama yake ni mmoja wa waliokesha uwanjani. Na kwa kuwa tumefika hapo: kabla ya kampeni yoyote ya kutisha, kaa na wachezaji wako uwaulize nini hawataki kukisikia mezani. Wakikwambia, usibishane nao.

Ila katika habari zile kuna kitu kimoja ambacho msimulizi mwenye akili hukichukua na kuacha mengine yote. Ilisemwa kwamba aliyefikwa lazima awatangazie watu, akificha, hurejewa. Chukua sharti hilo, ulibandike kwenye dude lako lisilo jina wala mbawa. Mhusika ameamka na alama shingoni. Akinyamaza, kesho linarudi. Akisema, mtaa mzima unajua, na mtaa ukishajua unaanza kutafuta wa kumpiga. Jioni ya tatu wachezaji wako hawaliogopi dude tena, wanawaogopa majirani. Pointi za uhai za jirani unazijua.

Joka linafaa kwenye kampeni ya aina hii? (Mkoani)

Hapana.

Kwetu hakuna mbwa mwitu wa Ulaya. Mtu anayegeuka mnyama mwezi ukiwa mpevu nimfanye fisi? (Chukwani)

Fisi wa wapi, ndugu yangu? Unakaa Unguja, kisiwa kilichokuwa na chui wake, unakwenda kuazima fisi wa bara.

Chui wa Unguja ni zawadi kwa msimulizi kwa sababu kisa chake hakihusu mtu kugeuka mnyama. Watu waliamini kuwa chui wana wenyewe: mchawi humfuga, humlisha, humtuma. Imani hiyo ilikuwa na nguvu kiasi kwamba baada ya Mapinduzi ya 1964 ulifanyika msako wa chui pamoja na waliodaiwa kuwafuga, na kufikia miaka ya 1990 watafiti walikuwa wakimhesabu kama mnyama aliyekwisha kutoweka. Kwa hiyo sahau mwezi mpevu na risasi ya fedha. Wachezaji wanazijua kwa moyo, na kitu wanachokijua kwa moyo hakiwatishi.

Anza na zizi. Mbuzi amelala, shingo imevunjwa, hajaliwa hata sikio. Mlango wa zizi bado umefungwa kwa kamba, na fundo ni lile lile alilolipiga mwenye mbuzi jana jioni. Usiseme neno "chui". Waache waulize nani ana ugomvi na mwenye mbuzi, maana swali la kampeni nzima ni hilo: kalifuga nani? Wakimuua mnyama mapema wamejiharibia, kwa sababu mfugaji yupo barazani anakunywa kahawa nao na sasa anajua wamefika wapi.

Na kama kampeni yako iko Pemba, chui mwache. Pemba hakuna chui. Mpemba atakukatiza katikati ya sentensi akwambie hivyo, na atakuwa na haki yake.

Vibwengo si ndio magoblini wetu? (wengi mno)

Sio. Goblini huja hamsini ili wachezaji wapate wa kuua. Kibwengo ni mmoja, yuko ufukweni wakati wa magharibi, na ukimuona umeshachelewa kurudi nyumbani. Ukiwaleta kumi na wawili wenye mikuki umeandika vita vya panya.

Vampaya huogopa msalaba. Wachezaji wangu ni Waislamu na wahusika wao pia. Tuweke aya? (Jang'ombe)

Usiweke aya. Neno la Mwenyezi Mungu si silaha ya kuongeza alama nne kwenye dado, na siku dado litakapotoka moja utasema nini, kwamba aya imeshindwa? Hirizi, kombe na ubani vitumie kama vitu vilivyomo ndani ya nyumba, vitu ambavyo watu hushika wakiwa na hofu, na usiseme kamwe kama vimefanya kazi au vipi.

Zaidi ya hapo, unapoteza muda kutafuta mbadala wa msalaba wakati udhaifu mzuri zaidi wa vampaya umekaa mlangoni pako. Katika riwaya ya Bram Stoker ya 1897, Dracula hawezi kuingia nyumba kwa mara ya kwanza mpaka mtu wa humo amkaribishe. Mzungu akisoma hivyo anaona sharti la ajabu. Sisi tuna desturi nzima juu yake: unapiga hodi, unasubiri, ya pili, ya tatu, hujajibiwa unaondoka. Hebu lichezeshe hivi.

Ni magharibi. Mama amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, mtoto wa miaka sita yuko ukumbini na vibao vyake. Nje sauti ya ami yake mtoto: "Hodi." Ami yake amezikwa Ijumaa. Mama anaacha kukuna. "Hodi." Sauti haijabadilika, haina haraka, ina adabu zake zote. Mtoto amenyanyua kichwa, anaijua sauti, anatabasamu. Mchezaji anayemchezesha mama ana nafasi moja kabla ya hodi ya tatu. Mwambie afanye nini anataka, na usimpe dado.

Nimeliona hili likimaliza meza nzima kwa ukimya bila tone la damu. Na ikiwa mtoto atajibu "Karibu", basi vampaya ni mgeni wa nyumba, na jitihada zote za kumtoa lazima zipite kwa mtu aliyemkaribisha.

Jambo jengine juu ya vampaya. Tracy na Laura Hickman, waliotoa Ravenloft, kisa cha Dungeons & Dragons, mwaka 1983, walianza na kero moja: vampaya aliyekaa tu ndani ya shimo la mchezo bila sababu ya kuwepo pale. Wakamtengenezea ngome, mapenzi yaliyoharibika na nchi inayomlipia dhambi zake. Kila mtu amenakili ngome. Sababu hawainakili. Mkinitumia kampeni ambayo vampaya "anataka kutawala dunia" siisomi.

Troli hujiponya mpaka achomwe kwa moto au asidi. Wachezaji wangu wanajua, kila mmoja anabeba kibiriti. Nimuondoe? (Wete)

Usimuondoe, muhamishie ndani ya nyumba.

Nyama inayoota upya, lifikirie hilo polepole. Mwaka wa njaa, familia moja shamba haikukonda. Hawana mbuzi, hawana ng'ombe, hawajaenda baharini kwa sababu kusi limechafua maji, na kila jioni chungu chao kinatoa mvuke. Majirani wanapata bakuli, wanashukuru, hawaulizi. Nyuma ya nyumba kuna ghala lenye kufuli kubwa kuliko ghala linavyostahiki, na ndani mna kiumbe kilichofungwa minyororo ambacho kila asubuhi kimeshaota kile kilichokatwa jana. Kinahisi kila kisu.

Sasa washe kibiriti chako. Unamchoma nani? Kiumbe kinakuomba ukichome. Bibi wa nyumba ana wajukuu wanne na anakuomba usikichome. Na mhusika wako amekula bakuli mbili tangu sehemu ya kwanza ya mchezo, kwa hiyo hakikisha umemlisha mapema, umemsifia mchuzi, na umeandika pembeni kila alichokula. Dude hili halina ubaya wowote. Ubaya wote uko kwa aliyelifuga, na katika kampeni ya kutisha ni vizuri ukae huko.

Huku hakuna ngome za Ulaya wala ukungu. Tuchezeshe wapi? (Fuoni)

Swali la mtu asiyetembea.

Pujini, kusini-mashariki ya Chake Chake, pana magofu ya ngome inayohusishwa na Mkama Ndume, mtawala wa karne ya 15. Masimulizi yanasema aliwatesa watu hadi akawabebesha mawe huku wakijiburuza kwa makalio. Yanasema pia alikuwa na wake wawili wasiotakiwa kuonana, kisima kikatiwa ukuta katikati, huyu ateke kwa kamba na ndoo, yule ashuke kwa ngazi. Chini kuna chumba kilichochimbwa ardhini kwa ajili ya mzimu. Wewe unataka mnara na popo? Sauti ya mke wa pili kutoka upande mwengine wa ukuta wa kisima inatosha kampeni ya miezi.

Unguja kuna Dunga, kasri la Mwinyi Mkuu, mtawala wa jadi wa Unguja, la katikati ya karne ya 19, ambalo husemwa kuwa damu ya watumwa ilichanganywa kwenye ujenzi wake. Kuna Mji Mkongwe, ambako vyumba ni vyembamba kwa sababu upana wake haupiti urefu wa boriti ya mkoko, na kuta ni nene kiasi kwamba mtu akilia chumba cha pili husikii. Msimulizi wa Ulaya lazima avibuni vitu hivyo.

Na kama unataka giza, lipo la kweli: umeme wa Unguja ulikatika Desemba 2009 ukarudi Machi 2010. Miezi mitatu. Wenye pesa waliunguruma na majenereta yao, wengine walikaa na koroboi, na pampu za maji zikilala watu walirudi visimani. Foleni ya madumu alfajiri, giza bado, na mtu wa nyuma yako hajibu salamu. Weka kampeni humo.

Pahala pamoja naomba mpaache: kile chumba cha chini cha Mangapwani kilichofichiwa watumwa baada ya soko kufungwa mwaka 1873. Nimeletewa ramani ya mchezo ambayo pale pana masanduku ya hazina na mifupa inayopigana. Mifupa ile ina wajukuu, na baadhi yao unapanda nao daladala.

Baba ananikataza, anasema tunachezea majini. (Mtambwe)

Msikilize baba. Kisha muombe akae nanyi jioni moja. Baba hakosei kuwa na wasiwasi: kwa wengi wetu jini si kiumbe wa kubuni kama orki. Ni viumbe wa Mungu, wamo waumini na wasiokuwa waumini, na watu wana visa vyao vya nyumbani. Ndiyo maana mimi mezani sichezeshi kupunga majini wala kuyapandisha kwa mtu, hata kwa utani, na simpi jini jina lililo hai mtaani. Buni lako. Akikataa baada ya kukaa nanyi, cheza mpira.

Tupe dude kubwa la mwisho, la kwetu, lisilo jini wala mchawi. (Nungwi)

Nunda. Nashangaa mnavyomruka. Hadithi yake ilisimuliwa hapa Unguja na mmishonari Mwingereza Edward Steere akaichapisha mwaka 1870, kwa hiyo hamna kisingizio.

Ni paka wa sultani. Anakula kuku, watu wanashtaki, sultani anajibu kuwa paka ni wake na kuku ni wake. Anapanda kidogo kidogo hadi kwenye mifugo mikubwa, jibu lile lile. Anakula watu, jibu lile lile. Anahamia msituni na kuwa nunda, na sultani haamki mpaka wanawe mwenyewe wanauawa. Kisha mtoto wa mwisho anatoka kumsaka, anaua mnyama baada ya mnyama, kila mmoja akidhani ndiye, na mama yake anamwambia siye.

Lichezeshe kwa mpangilio huo huo. Vikao vya mwanzo wachezaji ni watu wa kasri, wanapeleka mashtaka, wanarudishwa. Wape sababu za kunyamaza: mshahara, cheo, nyumba. Paka apite miguuni mwao akijisugua, mzito kidogo kila mara. Atakapotoroka watakwenda kuwinda, na hapo uwape ushindi wa uongo mara kadhaa, na mzoga wa kuburuta hadi uani. Mama anatoka, anaangalia, anarudi ndani. Mkubwa kuliko wote usimuelezee. Mwisho watamuua, kwenye hadithi anauawa. Ila sultani bado yuko kitini, na wachezaji wako ni watumishi wake.

Tuwashe mishumaa? (Bububu)

Kwenye mkeka, chini ya paa la makuti? Taa ya simu, ilaze kifudifudi, na mwenye chaji ndogo asikae karibu na mlango, atatoroka kwa kisingizio.