Uso wa duara na nywele fupi

Dada unayeuliza kama uso wa duara unakubali nywele fupi, unakubali kabisa! Mwambie kinyozi pembeni na kisogoni apitishe mashine namba 2 (kile kichanio cha mashine kinachobakiza nywele fupi sana), juu abakize urefu wa kama nusu kidole, maana huo urefu wa juu ndo unarefusha uso, akilinganisha kichwa kizima duara linazidi kuonekana. Na usimruhusu akuchonge mstari mkali kwenye paji, vinyozi wengi hapa Mwanza wamezoea vichwa vya wanaume, sema kabla hajawasha mashine, vile vinywele laini vya mbele ndo vinapendezesha sura. Asubuhi lowanisha, paka mafuta kidogo, zungusha sponji ya nywele yenye matundu juu ya kichwa mpaka zijikunje, hata upepo wa ziwa pale kivukoni Kamanga hauziharibu. Hereni kubwa muhimu!