Ripoti Inasema Hivi, Droo Inasema Vile: Maswali Yenu

Barua za majuma haya mawili karibu zote zinazunguka jambo moja. Mtu ana programu ya mahesabu dukani, inamtolea ripoti safi zenye nembo juu, lakini akizichukua ili achunguze biashara yake, hesabu zinamkwama. Kazi hii ya vitabu na kompyuta nimeifanya miaka mingi, sehemu kubwa kwenye magodauni ya Shimanzi, Mombasa, na najua usiku unavyoweza kukucha mtu bado anatafuta shilingi zilizopotea. Nawajibu mmoja mmoja.

Ninauza leso Biashara Street. Ripoti ya mwezi inaonyesha mauzo ya Aprili 2025 yameporomoka kuliko Aprili 2024. Mume wangu anataka tufunge duka la pili. Je, biashara inakufa?

Dada yangu, msifunge chochote kwa ushahidi wa ripoti hiyo peke yake. Chukua kalenda uitazame. Idi ul-Fitri ya 2024 ilikuwa tarehe 10 Aprili, kwa hivyo zile siku za mwisho za Ramadhani, watu wanapobanana hapo mtaani usiku baada ya tarawehe wakitafuta leso na kanzu, ziliingia ndani ya Aprili. Idi ya 2025 ilishaswaliwa kabla Aprili haijaingia. Msimu wako wote ulimezwa na ripoti ya Machi, na Aprili ukabaki na vumbi lake. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko huu wa Januari hadi Disemba, basi kila mwaka msimu wako unasogea nyuma, nayo programu haina habari.

Iache ripoti ya mwezi. Toa ripoti ya mauzo kwa kina, ile inayoonyesha kila risiti na tarehe yake, kwa miaka yote miwili. Ukiifungua kwenye Excel ongeza safu moja uiite "siku kabla ya Idi": chukua tarehe ya Idi ya mwaka ule, utoe tarehe ya risiti. Risiti ya tarehe 1 Aprili 2024 itapata 9. Risiti ya baada ya Idi itapata nambari yenye alama ya kutoa mbele yake, nayo ni sawa. Kisha linganisha siku 30 za kabla ya Idi ya 2025 na siku 30 kama hizo za 2024. Ukikuta bado mauzo yameshuka, hapo mna jambo la kuzungumza nyumbani. Ripoti ya mwezi iliundwa kumsaidia mhasibu afunge mwezi na kulipa kodi. Swali lako wewe ni la msimu, na msimu unaonekana kwenye risiti za kila siku tu.

Umeuliza pia kwa nini leso zile zile zinaonyesha faida nono mwezi mmoja na hasara mwezi unaofuata. Tazama jinsi mzigo ulivyoingizwa. Korja ni ishirini, lakini ishirini ya nini? Karani mmoja akiandika vipande 20 na mwenziwe akaandika doti 20, na doti ni vipande viwili, basi gharama ya doti moja inatofautiana maradufu ilhali bei uliyonunulia ni ile ile. Chagueni kipimo kimoja, kiandikwe kwenye jina la bidhaa lenyewe, mtu asilazimike kukumbuka.

Mimi ni karani wa godauni. Nimeitoa ripoti ya mauzo kwa mteja na kuipeleka Excel. Nikijumlisha safu ya pesa napata mara tatu ya jumla iliyoandikwa chini. Programu imeharibika?

Haijaharibika, ndugu yangu. Na hiyo mara tatu kamili ndiyo inayoeleza kisa chote. Tuseme mteja wa Likoni ana risiti mbili, 4,000 na 6,000, na chini yake ripoti imeandika jumla yake, 10,000. Mteja wa Mtwapa ana risiti moja ya 5,000, na jumla yake 5,000. Mwisho kabisa kuna jumla kuu, 15,000. Zote zimekaa katika safu moja. Ukiijumlisha safu nzima umehesabu risiti (15,000), ukahesabu jumla za wateja (15,000), ukahesabu na jumla kuu (15,000). Ndiyo 45,000 yako hiyo.

Nikiwa kijana nilipeleka kwa tajiri hesabu iliyopanda namna hii. Akaagiza mzigo kwa kuitegemea, na mwingine ulikaa mpaka ukaharibika. Hakunifukuza. Alinikalisha, akanionyesha mstari mmoja mmoja kwa kalamu nyekundu, na tangu siku ile sijumlishi safu bila kuupitia kila mstari na kujua ni wa nini.

Kwanza tafuta ndani ya programu orodha ya miamala isiyo na makundi. QuickBooks na Tally, kama programu nyingi za mahesabu, zina ripoti za muhtasari na za kina, na wewe unahitaji ya kina. Ikiwa unayopata ni ile ya makundi tu, tumia Power Query, zana ya Excel ya kusafisha data, ambayo tangu Excel ya 2016 imo ndani yake kwenye menyu ya Data. Ondoa mistari ya juu yenye jina la kampuni. Jina la mteja linaandikwa mara moja tu juu ya risiti zake, kwa hivyo literemshe lijaze nafasi tupu zilizo chini yake. Kisha bakisha mistari yenye nambari ya risiti pekee, na jumla zote zitaondoka zenyewe. Hatua hizo zinakumbukwa: mwezi ujao unaweka faili mpya mahali pa ile ya zamani, kwa jina lile lile, unabonyeza kitufe cha kuonyesha upya, umemaliza.

Kabla hujampa mtu yeyote kazi hiyo, jumlisha safu iliyosafishwa. Lazima ilingane na ile jumla kuu ya 15,000 iliyochapwa na programu. Isipolingana hata kwa shilingi kumi, rudi nyuma.

Tarehe nyingine kwenye faili zimeegemea kulia, nyingine kushoto. Ina maana?

Ina maana kubwa. Kompyuta yako imewekwa kwa mtindo wa Kimarekani, mwezi kabla ya siku. 25/4/2025 haieleweki kwake, kwa sababu hakuna mwezi wa 25, basi inaiacha kama maandishi upande wa kushoto. Hiyo unaiona. Inayoumiza ni 3/4/2025: imeigeuza kimyakimya kuwa tarehe 4 Machi na kuiweka kulia kana kwamba ni sahihi. Usihangaike kurekebisha hizo za kushoto peke yake. Funga faili bila kuihifadhi, badilisha mpangilio wa kanda wa kompyuta uwe wa Kenya, kisha ifungue upya ile faili ya mwanzo.

Nina duka la vipuri Mwembe Tayari. Ripoti ya mauzo na taarifa ya till ya M-Pesa hazijawahi kulingana. Nimfukuze kijana wa kaunta?

Subiri kwanza, mzee wangu. Hayo ni maswali mawili tofauti. Ripoti inasema umeuza nini, taarifa ya M-Pesa inasema nini kimelipwa kupitia till. Fundi aliyechukua bearingi kwa deni Jumatatu akalipa Ijumaa yuko Jumatatu kwenye ripoti na Ijumaa kwenye taarifa. Yuko aliyelipa mara moja kwa risiti mbili, aliyelipa nusu taslimu na nusu kwa simu, na muamala uliorudishwa. Kama till ina makato, nayo yana mstari wake.

Kila muamala wa M-Pesa una msimbo wa herufi na tarakimu 10. Kuanzia kesho, msimbo huo uingizwe kwenye nafasi ya kumbukumbu ya kila risiti, na ni bora unakiliwe kuliko kuchapwa, maana herufi O na sifuri zinachanganywa mno. Baada ya mwezi toa ripoti zote mbili na uzioanishe kwa msimbo, usizioanishe kwa kiasi, kwa sababu wateja watano wanaweza kulipa 1,500 siku moja. Zitakazobaki bila mwenza zitakuwa chache, na hizo ndizo za kuuliza. Kijana wa watu anaweza kupoteza kazi kwa deni la fundi. Nimeliona likitokea, na haki haikurudi.

Mpwa wangu yuko chuoni, anataka rekodi za wateja wangu kwa mradi wake wa uchambuzi. Nimpe?

Mpe mauzo, usimpe watu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na jina pamoja na nambari ya simu ni data binafsi. Futa safu hizo mbili, weka Mteja 1, Mteja 2, na orodha ya nani ni nani ibaki kwako. Mradi wake hautapungukiwa kitu.

Ripoti ya Januari niliyoitoa Februari na niliyoitoa leo zina mauzo tofauti. Nani amegusa?

Huenda hakuna mwizi hapo. Ripoti haihifadhiwi, kila ukiifungua inahesabiwa upya kutoka kwenye miamala iliyomo wakati huo. Mtu akiingiza leo invoisi yenye tarehe ya Januari, Januari inabadilika. Tafuta kwenye programu kumbukumbu ya mabadiliko, inayoonyesha nani aliingiza nini na lini. Mwezi ukishawasilishwa, mhasibu aufunge kwa nywila. Na kila faili unayoitoa kwa uchambuzi, andika kwenye jina lake siku uliyoitoa. Mwulize mhasibu kwanza kabla hujamwita karani: mara nyingi ni yeye aliyekuwa akirekebisha Januari kwa ajili ya kodi.