Muulize Mwalimu: Gesi ya Msimbati, sheria ya Ulaya na ng'ombe wa Nachingwea

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Msimbati, jirani na visima vya Mnazi Bay. Tangu utotoni tunaambiwa gesi asilia ni nishati safi, na sasa tunahimizwa kuachana na mkaa. Juzi redioni nimesikia Ulaya wametunga sheria ya methani, kwamba gesi inaharibu tabianchi na atakayewauzia lazima aonyeshe vipimo. Kijiweni wanasema ni njama: wao wameshachoma ya kwao, ilipofika zamu yetu gesi ikawa uchafu. Nani mkweli? Na kwa nini mtungi unapanda bei wakati gesi inatoka uani kwetu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naanza na mtungi, maana swali hilo naulizwa hadi sokoni nikinunua samaki. Gesi ya mtungi siyo ya Msimbati. Ile ni propani na butani, inaletwa kwa meli kutoka nje, na bei yake inafuata soko la dunia na dola. Ya kwenu ni methani karibu tupu. Methani huwezi kuishindilia kwenye mtungi wa jikoni ikageuka maji. Inataka ipozwe hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, na hiyo ndiyo kazi ya kile kiwanda tunachokisubiri Likong'o, Lindi. Ndiyo maana yenu inasafiri kwa bomba: kutoka visimani hadi Madimba inakosafishwa, na tangu 2015 kutoka hapo zaidi ya kilomita 500 hadi Dar es Salaam. Hasira za watu wa Mtwara dhidi ya bomba lile mwaka 2013 nazikumbuka, nawe huenda unazikumbuka.

Sasa hiyo methani. Ulipoambiwa ni safi hukudanganywa, ila uliambiwa habari ya gesi iliyokwisha kuwaka. Ikichomwa kuzalisha umeme inatoa takriban nusu ya hewa ukaa ambayo makaa ya mawe yangetoa kwa umeme uleule, na haina moshi wala majivu. Ikitoroka kabla ya kuwaka ni habari nyingine kabisa. Tani moja ya methani hewani, ukihesabu kwa miaka 20, inapasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko tani moja ya hewa ukaa. Ukihesabu kwa miaka 100 inashuka hadi kama mara 28 au 30, kwa sababu methani haikai: baada ya miaka kumi na kitu sehemu kubwa imekwisha. Ni moto wa makuti, na hewa ukaa ni gogo la mwembe.

Hapo ndipo wataalamu na wanasiasa wanapobishania, wahesabu kwa miaka 20 au kwa 100. Mwenye kuuza gesi atakupa hesabu ya 100, mwenye kuipinga atakupa ya 20, na wote wawili wamesema kweli. Lakini hesabu moja inawabana wote: ikivuja zaidi ya takriban asilimia 3 ya gesi njiani kati ya kisima na mtambo wa kuzalisha umeme, basi kwa miaka ya mwanzo ile nafuu yake dhidi ya makaa ya mawe imeyeyuka.

Kuhusu njama, wenzako wana nusu ya hoja, na sitawanyima nusu yao. Mwaka 2021 kule Glasgow, Marekani na Umoja wa Ulaya walianzisha ahadi ya kupunguza methani kwa asilimia 30 ifikapo 2030, wakilinganisha na 2020. Nchi zaidi ya 150 zimejiunga. Ni ahadi tu, asiyetimiza hakuna wa kumshika shati. Mwaka uliofuata Urusi ikavamia Ukraine, na viongozi wa Ulaya haohao wakapishana viwanja vya ndege vya Afrika wakitafuta gesi. Halafu 2024 wakapitisha sheria. Mtu wa Msimbati akiuliza "mnaitaka au hamuitaki?" ana haki ya kuuliza.

Nusu iliyobaki wameikosa. Sheria hiyo ya 2024 imeanza na makampuni ya Ulaya yenyewe: pima, tafuta panapovuja, ziba, na acha kuachia gesi hewani au kuichoma ovyo kwenye mwenge. Wauzaji wa nje wanaguswa baadaye. Kuanzia 2027 mnunuzi wa Ulaya anayesaini mkataba mpya atatakiwa kuonyesha kwamba gesi yake ilipimwa huko ilikotoka kwa kiwango kinachofanana na chao. Hata huko kwao wapo wanaoshinikiza ilegezwe. Na Marekani? Obama aliweka kanuni za kuzuia methani kuvuja 2016, Trump akazilegeza 2020, Biden akazirudisha na kuongeza tozo kwa methani inayotoroka, na 2025 Bunge na Trump wakaifuta kanuni ya kukusanya tozo hiyo. Kinachonifurahisha ni kwamba mwaka 2020 Shell, BP na ExxonMobil walisema hadharani kanuni zibaki. Si kwa uchamungu! Wanataka gesi yao iaminike sokoni. Na usisahau kwamba Shell na ExxonMobil wana hisa katika vitalu vya gesi vya bahari yetu hapa kusini, vile vinavyongoja mradi wa Likong'o. Tukija kuuza nje, vipimo vitadaiwa na wanunuzi, tupende tusipende.

Lakini mimi Ulaya hainisumbui. Gesi yetu ya leo inatumika humuhumu nchini, kwenye umeme na viwanda. Ninachokiangalia ni mita. Gesi iliyovuja haijapita kwenye mita ya mauzo, na kisichopita kwenye mita hakilipiwi mrabaha, wala hakihesabiwi kwenye ushuru wa huduma unaokwenda halmashauri. Mwaka 2024 Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba karibu asilimia 40 ya methani inayotoroka kwenye mafuta, gesi na makaa ya mawe duniani ingeweza kuzuiwa bila hasara yoyote, kwa sababu gesi iliyookolewa inauzwa na kurudisha gharama. Hii si kazi ya kupeleka watu mwezini. Nyumbani kwangu Mikindani kila nikifunga mtungi mpya nachukua bakuli, nakoroga sabuni ya unga, napaka povu shingoni mwa regyuleta kwa kidole, nakaa hapo kimya. Pakiwa pazima, povu linakauka taratibu. Pakivuja, kinatoka kipovu kimoja, kinavimba, kinapasuka, na kingine kinachungulia palepale. Mume wangu ananicheka. Viwandani nako povu la sabuni bado linatumika, pamoja na kamera zinazoona methani ambayo jicho halioni, na setilaiti zinazopiga picha kutoka angani. Turkmenistan waligunduliwa hivyo, mawingu makubwa ya methani jangwani, na wao hawakumwambia mtu.

Kwa hiyo kijiweni badilisheni swali. Acheni "kwa nini Ulaya wanapima?" Mkutano ujao wa kijiji mwulizeni diwani: vipimo vya kuvuja vya huku kwetu vinafanywa na nani, mara ngapi, na majibu yanabandikwa wapi?

SWALI: Mwalimu, mimi ni mfugaji, niko Nachingwea tangu tulipoondolewa Usangu. Nasikia ng'ombe wakijamba wanaleta joto duniani, na Denmark wamewatoza kodi. Huku wakulima wa ufuta na korosho tayari wananitazama vibaya. Kodi hiyo itanifikia?

JIBU: Kwanza tumwondolee ng'ombe aibu: hajambi sana, anabeua. Methani yake nyingi inatoka mdomoni, inatengenezwa na vijidudu vya tumbo la kwanza wakati wa kuchachusha majani. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wote wa dunia wanatoa karibu theluthi ya methani inayosababishwa na binadamu, kwa hiyo habari yenyewe si uzushi. Denmark wamepanga kodi kuanzia 2030, krone 300 kwa kila tani ya gesi ikihesabiwa kama hewa ukaa. New Zealand nao walikusudia kuwatoza wafugaji, wafugaji wakaja juu, na 2024 serikali mpya ikaachana na mpango huo.

Kukufikia wewe sioni. Kodi ile ni ya nchi yenye daftari la kila ndama. Isitoshe, kundi lisiloongezeka halizidishi joto kwa kasi kama kundi linalokua, kwa sababu methani ya zamani inaisha mpya inapoingia. Kinachokugusa ni kwamba ng'ombe wetu anakula miaka sita ndipo apate uzito wa kuuzwa, na miaka yote hiyo anabeua. Malisho bora, josho na chanjo ya ndigana kali vitakupa mnyama anayekomaa mapema. Fanya hivyo kwa ajili ya mfuko wako, tabianchi itapata ya kwake. Na hao wa ufuta, kaa nao mkubaliane njia ya kupitisha mifugo kabla ya mvua. Hilo lina haraka kuliko Denmark.

SWALI: Shamba langu Lindi limepakana na mkuza wa bomba la gesi. Likivuja nitasikia harufu?

JIBU: Usitegemee pua, mama. Methani haina harufu. Ile ya mtungini inatiwa makusudi. Sikiliza mlio wa kufoka, angalia majani yaliyokauka sehemu moja wakati mengine mabichi, au dimbwi linalotoa mapovu bila sababu. Ukiona hivyo usiwashe kiberiti, usiwashe pikipiki hapo, na simu usiipigie palepale. Ondoka na wanao, kwa upande upepo unakotoka, ndipo upige simu kwa mwenyekiti wa kijiji na namba iliyoandikwa kwenye nguzo za mkuza. Kaiandike leo hiyo namba.